Shule ndogo ya kitongojini au shule kubwa ya barabarani? Mwongozo kamili wa kumchagulia mtoto shule ya msingi

Kila mwaka ikifika Machi, wazazi wananijia na jambo lile lile. Mtoto ameanza Darasa la Kwanza Januari, na tayari wanataka kumhamisha. Aliyempeleka shule ndogo ya kitongojini analalamika kuwa mwalimu haonekani. Aliyempeleka shule kubwa ya barabarani anasema mtoto anarudi jioni hoi, na daftari halijasahihishwa wiki tatu. Ukiwauliza walichaguaje, mmoja alitazama majengo, mwingine alimsikiliza jirani.

Nimefundisha shule za aina zote mbili: moja yenye wanafunzi wasiofika 150, nyingine yenye zaidi ya 1,600. Mwongozo huu ni wa shule za serikali Tanzania Bara, hasa kwa mzazi, bibi au babu anayeishi kijijini na ana shule mbili mbele yake.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa mtoto wa miaka 6 hadi 8, shule nzuri ni ile yenye mtu mzima anayejua, siku hiyo hiyo, kama mtoto wako ameelewa au hajaelewa. Shule ndogo ina nafasi kubwa zaidi ya kufanya hivyo. Lakini kuwa na nafasi ni jambo moja na kuitumia ni jingine, na hatua zifuatazo ni za kukuonyesha kama inatumika.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu.
- Simu yenye saa, na bando kidogo la kufungulia matokeo ya mitihani.
- Siku tatu: moja ya kutembea njia, moja kwa kila shule. Siku za shule zisiwe za likizo wala za mitihani.
- Jina rasmi la kila shule, kata yake na halmashauri yake. Majina kama Mapinduzi, Azimio na Uhuru yamejaa nchi nzima, hivyo jina peke yake halitoshi.
- Nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, au kadi ya kliniki kama cheti bado.
- Mtoto mwenyewe. Wengi wanamsahau.

Anza Septemba au Oktoba. Uandikishaji wa Awali na Darasa la Kwanza kwa kawaida hufunguliwa Oktoba, na ukisubiri Januari utachagua kwa haraka.

## Hatua ya 1: Tembea njia pamoja na mtoto

Toka nyumbani saa 12 asubuhi, mtoto akiwa na begi lake, mwende kwa mwendo wake. Usipime umbali kwa pikipiki wala kwa miguu yako. Mwendo wa dakika 25 kwako unaweza kuwa dakika 50 kwake, na miguu itakayokwenda kila siku ni yake.

Andika muda wa kwenda, zidisha mara mbili. Njia ya saa moja na robo ni saa mbili na nusu kwa siku, saa 12 na nusu kwa wiki. Hizo ni saa za kulala, kula, kucheza na kurudia somo, zinaishia barabarani.

Kipimo changu ni hiki: njia isiyozidi nusu saa ni nzuri. Kati ya nusu saa na saa moja, endelea na hatua nyingine kwanza. Ikizidi saa moja kwa mtoto wa Awali hadi Darasa la Pili, mimi nasema hapana, hata shule iwe na vioo na vigae.

Njiani angalia makorongo. Korongo la Septemba ni mchanga mkavu unaovukwa kwa hatua nne, lakini Aprili ni mto. Waulize wanaoishi pembeni yake: masika iliyopita watoto walikosa shule siku ngapi? Kwenye vijiji vilivyo karibu na hifadhi, uliza pia kuhusu tembo na fisi, kwa kuwa alfajiri ndiyo saa yao.

Tahadhari kuhusu bodaboda. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini usafiri ni juu yako. Ukilipa shilingi 1,000 kwenda na kurudi kwa siku 190 za masomo, ni shilingi 190,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Na nauli nafuu mara nyingi maana yake ni watoto wanne juu ya pikipiki moja. Pesa hiyo ikikatika Mei, mtoto atafikaje shuleni?

Dalili kwamba njia inafaa: mtoto anafika, anaweka begi chini, na anataka kukimbia na wenzake. Akikaa chini ya mti na kusinzia, umeshapata jibu.

## Hatua ya 2: Jua kama shule ndogo ni kamili au ni shikizi

Hapa wengi hukwama. Shule shikizi ni kituo kilichofunguliwa karibu na watoto, kikiwa chini ya shule mama. Mara nyingi kina Awali na madarasa ya mwanzo tu, na baada ya hapo mtoto anakwenda shule mama. Mwaka wa fedha 2021/22 fedha za mpango wa UVIKO-19 zilijenga vyumba 3,000 kwenye vituo shikizi, kwa hiyo leo utakuta shikizi yenye jengo zuri kuliko shule mama. Jengo jipya halimaanishi kwamba shule imesajiliwa kamili.

Muulize mwalimu msimamizi:

1. Madarasa yanaishia la ngapi sasa, na mwakani?
2. Shule mama iko wapi, na njia yake ikoje?
3. Walimu ni waajiriwa wa serikali au wa kujitolea?
4. Wanaojitolea wanalipwa na nani?

Swali la tatu na la nne yana uzito. Walimu wa kujitolea wamefundisha watoto wengi kusoma katika nchi hii, na baadhi yao ni hodari kuliko waajiriwa. Lakini anayelipwa kwa michango ya wazazi hutegemea mavuno. Mvua ikikataa, michango hukatika, naye ana familia. Uliza mwaka jana alilipwa miezi mingapi.

Shikizi si kasoro. Inayoishia Darasa la Tatu inaweza kuwa chaguo bora kwa miaka minne ya kwanza ya mtoto, ilimradi ujue mapema kuwa njia ya shule mama inakusubiri, na atakuwa amekua atakapoianza.

## Hatua ya 3: Hesabu walimu kwa namna mbili

Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, na kwa Awali ni 1 kwa 25. Wazazi wanagawanya idadi ya wanafunzi kwa walimu, wanaridhika au wanakata tamaa. Hesabu hiyo peke yake inadanganya.

Chukua shule ndogo yenye wanafunzi 130 na walimu 3. Ukigawanya unapata 43 kwa kila mwalimu, ndani ya kiwango kabisa. Sasa hesabu madarasa: Awali hadi la Saba ni manane. Hata mpango mpya wa elimu ya msingi ya miaka 6 ukikamilika, yatabaki saba. Walimu watatu, madarasa manane. Kila saa moja ya masomo, madarasa matano hayana mtu mbele yake, isipokuwa mwalimu mmoja akae na madarasa mawili katika chumba kimoja.

Chukua shule kubwa yenye wanafunzi 1,600 na walimu 20. Ni 80 kwa mwalimu, na Darasa la Kwanza huenda lina watoto 120 chumba kimoja, au wanaingia kwa zamu, wengine asubuhi wengine mchana. Lakini hapo kuna mwalimu anayeshika Hisabati tu, mwingine Kiingereza tu, na mmoja akiugua yupo wa kushika kipindi chake.

Kwa hiyo andika namba mbili kwa kila shule: wanafunzi kwa mwalimu, na madarasa kwa mwalimu. Kisha uliza swali linaloamua zaidi: nani anashika Darasa la Kwanza na la Pili, na amekuwa hapo kwa muda gani? Shule ndogo yenye walimu watatu, mmoja wao akiwa amekaa na Darasa la Kwanza miaka mitano, ni bora kuliko yenye walimu sita wanaobadilishana darasa hilo kila muhula.

Kwa shule ndogo ongeza hili: walimu wanalala wapi? Penye nyumba za walimu, hata mbili, walimu hubaki. Asipokuwa na nyumba, mwalimu hupanga mjini, na masika yakikata barabara naye amekatika.

Usiende siku moja tu ukaridhika. Pita tena bila taarifa siku ya mnada, au mwisho wa mwezi walimu wanapofuata mshahara benki. Shule iliyojipanga utakuta wameachiana zamu. Isiyojipanga utakuta watoto wanacheza mpira saa nne asubuhi, na kiranja ana fimbo.

## Hatua ya 4: Fungua madaftari

Kama utafanya hatua moja tu katika mwongozo huu, ifanye hii. Majengo hupigwa rangi kwa ajili ya wageni, lakini madaftari ya miezi mitatu hayapigwi rangi usiku mmoja.

Nenda ofisini kwanza, jitambulishe kwa heshima: "Mwalimu, habari za kazi. Nina mtoto wa kuanza Januari, naomba kuona darasa lake na madaftari ya Darasa la Pili." Mwalimu mkuu anayejiamini atakupeleka mwenyewe. Akiwa na shughuli, omba miadi na urudi. Usiingie darasani bila idhini, wala usipige picha watoto.

Kwa nini Darasa la Pili na si la Kwanza? Kwa sababu mwisho wa Darasa la Pili ndipo mtoto anapotakiwa kuwa amemaliza KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Kuanzia la Tatu masomo yanamtaka asome ili ajifunze. Asiyejua kusoma hapo anabaki nyuma katika kila somo, na ni mwalimu gani wa Darasa la Tano atarudi kumfundisha silabi?

Omba madaftari matatu ya Kusoma na Kuandika: la mtoto wa mbele, la mtoto wa nyuma kabisa, na la mmoja wa katikati. Usikubali kupewa matatu yaliyochaguliwa tayari. Kisha angalia mambo manne.

Tarehe. Hesabu siku zilizoandikwa kazi katika wiki mbili zilizopita. Nane hadi kumi ni vizuri sana. Tatu au nne zinaonyesha darasa linakaa bila mwalimu.

Kalamu nyekundu. Je, kazi imesahihishwa? Na kosa limeonyeshwa wapi, au ni alama moja kubwa ya vema ukurasa mzima? Katika darasa la watoto 120 usitarajie kila zoezi lisahihishwe kila siku, mwalimu naye ni binadamu. Tarajia angalau mara moja au mbili kwa wiki.

Masahihisho. Baada ya mtoto kukosea, je, amerudia? Hiki ndicho kipimo kikali kuliko vyote, na ndipo nilipoona shule ndogo zikizishinda kubwa. Mwalimu mwenye watoto 18 ana muda wa kumwita mtoto mezani na kumwambia, "Rudia hapa, umeandika ngombe, sauti yake ni ng'ombe." Mwenye 120 hana muda huo hata akitaka kwa moyo wote.

Kufanana. Madaftari yote matatu yakiwa na sentensi zile zile, na makosa yale yale, watoto wananakili ubaoni. Kunakili si kuandika.

Sasa jaribio la mwisho, kwa ruhusa ya mwalimu. Andika kwenye karatasi sentensi ambayo hawajaiona, mfano: *Bibi ananunua nyanya na mchicha sokoni.* Mpe mtoto wa nyuma aisome. Akisoma polepole lakini akafika mwisho, darasa hilo linafundishwa. Akisoma "bibi" kisha akakutazama machoni akisubiri umsaidie, jaribu wengine wawili. Wote watatu wakikwama, na ni Septemba, funga daftari lako. Hakuna jengo la kufidia hilo.

Mfanyie mtoto jaribio hili kwa upole, kama mchezo. Hajakosa kitu yeye.

## Hatua ya 5: Soma matokeo ya NECTA bila kudanganyika

Fungua tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, ingia kwenye upimaji wa Darasa la Nne au mtihani wa Darasa la Saba, fuata mkoa, halmashauri, kisha shule. Mtihani wa la Saba una masomo 6 ya alama 50 kila moja, jumla 300. Utaona wastani wa shule na madaraja A hadi E.

Kosa kubwa ni kulinganisha mwaka mmoja. Shule ndogo ikiwa na watahiniwa 12, mtoto mmoja akipata 60 badala ya 240, wastani wa shule nzima unashuka kwa alama 15. Kwenye shule yenye watahiniwa 150, mtoto huyo huyo anashusha alama 1 na kidogo tu. Ndiyo maana shule ndogo huonekana ya kwanza mwaka huu na ya mwisho mwakani, bila chochote kubadilika darasani.

Chukua miaka mitatu. Angalia matokeo ya Darasa la Nne zaidi ya la Saba, kwa sababu ndiyo yaliyo karibu na madarasa ya mwanzo. Hesabu pia walioandikishwa na waliofanya: wakiandikishwa 140 wakafanya 118, uliza hao 22 walikwenda wapi.

Shule ya shikizi hutaiona huko kwa jina lake, watoto wake watafanyia mtihani shule mama. Kwao, madaftari ndiyo matokeo.

## Hatua ya 6: Choo, maji, uji, na pesa ya shule

Kiwango ni tundu 1 la choo kwa wasichana 20, na 1 kwa wavulana 25. Hesabu yanayotumika, siyo yaliyojengwa. Ingia, angalia kama mlango unafungwa kwa ndani na kama kuna maji ya kunawa. Mama mwenye binti asiruke hili.

Chakula: uliza kama uji au makande vilipikwa wiki iliyopita, na ukaone jiko. Majivu ya moto hayadanganyi. Njia ikiwa ndefu na chakula hakuna, mtoto anasoma mchana akiwa na njaa.

Kuhusu pesa, wazazi wengi hawajui jambo hili. Ruzuku ya uendeshaji hutolewa kwa kichwa: kiwango ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo za kwenda shuleni, nyingine ni za vitabu. Shule ya watoto 130 inapata 780,000. Ya watoto 1,600 inapata 9,600,000. Lakini bawaba ya mlango na karatasi za majaribio hazina bei ya shule ndogo. Ndiyo sababu shule ndogo husimama au huanguka na kamati yake. Uliza Kamati ya Shule ilikutana lini, na kama mapato na matumizi yamebandikwa ubaoni. Ukichagua shule ndogo, jua kuwa nguvu zako zitahitajika: tofali, maji, siku moja ya kuezeka.

## Hatua ya 7: Mtazame mtoto wako

Mtoto mwoga, anayeongea kidogo, au anayezungumza Kisukuma au Kigogo tu nyumbani, katika darasa la watoto 120 anaweza kumaliza muhula bila kusikika sauti. Darasa dogo linamfaa.

Mtoto asiyeona vizuri, asiyesikia vizuri au mwenye ulemavu wa akili ni suala jingine. Baadhi ya shule kubwa zina kitengo cha elimu maalumu chenye walimu waliosomea kazi hiyo. Muulize Afisa Elimu wa Kata kitengo cha karibu kiko wapi kabla hujaamua lolote. Hapo naweza kukubali njia ndefu.

## Hatua ya 8: Amua

Usijumlishe alama. Kuna mambo matatu yanayoifuta shule moja kwa moja: njia ya hatari, Darasa la Kwanza lisilo na mwalimu wa kudumu, na madaftari yasiyosahihishwa. Futa kwanza.

Zikibaki zote mbili, mimi nachagua iliyo karibu hadi Darasa la Pili au la Tatu, kisha natazama upya. Kuanzia hapo mtoto ana miguu, na walimu wa masomo wa shule kubwa wanaanza kuwa na faida.

Zikifutwa zote mbili, chukua yenye njia salama, na panga kumfundisha mtoto kusoma nyumbani dakika 20 kila jioni. Kisha peleka suala la mwalimu kwenye mkutano wa kijiji, ukiwa na wazazi wenzako na namba ulizoandika.

## Hatua ya 9: Andikisha, kisha kagua Machi

Andikisha shule moja tu. Jina likiwa shule mbili litakusumbua baadaye, kwani kumbukumbu za mwanafunzi na uhamisho wake hupita kwenye mfumo wa PReM, na namba aliyopewa anahama nayo.

Ukilazimika kuhamisha, fanya mwanzo wa mwaka wa masomo. Epuka Darasa la Nne na darasa la mwisho, maana usajili wa mitihani hufanyika mapema. Anza kwa mwalimu mkuu wa shule anayotoka, na usimwondoe mtoto kabla shule anayokwenda haijathibitisha kumpokea. Nimeona watoto wakikaa nyumbani miezi miwili kwa kukosa hilo.

Wiki ya pili ya Machi, keti na mtoto na daftari lake. Anapaswa kutambua irabu zote tano na kusoma silabi za konsonanti kadhaa: ba be bi bo bu, ma me mi mo mu. Muulize jina la mwalimu wake. Kisha nenda shuleni umuulize mwalimu, bila yeye kutazama orodha, mtoto wako anakaa upande gani na anakwama wapi.

Akikujibu hapo hapo, mwache mtoto asome. Akishindwa, usikimbilie kuhama. Mwombe amfuatilie mtoto wiki mbili, mkubaliane siku ya kuonana, na urudi siku hiyo.